Kifurushi cha miezi 3 cha kutibu akili kupitia mwili, Nyali: kipi ukilipie, kipi ukikatae

Kitu bora katika kifurushi hiki cha kliniki ya Nyali, Mombasa, ni mahojiano ya kwanza. Daktari anakaa na mgonjwa saa moja na nusu, anamuuliza analala saa ngapi, anakula nini asubuhi, hedhi ikoje, ana kisukari au la, anameza dawa gani. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi tiba ya kiutendaji, ambayo taasisi yake kubwa ilianzishwa Marekani mwaka 1991: kabla ya kusema tatizo liko akilini tu, mwili wote unachunguzwa. Na wana haki. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyolegea na upungufu wa damu vyote huleta uchovu, usahaulifu na moyo mzito, na kwa kutazama tu huwezi kuvitofautisha na sonona.

Dodoso lao ndilo linaloudhi. Limeletwa kama lilivyo kutoka ng'ambo: kurasa nzima za ngano na maziwa, lakini hakuna swali hata moja la miraa wala muguka. Mombasa hii! Mtu anayetafuna kila jioni atakosa usingizi na hamu ya kula, na wasiwasi utamzidi. Usipomuuliza, utatafuta ugonjwa tumboni mwake bure. Halimuulizi pia kama anakunywa kombe (maji ya aya zilizoandikwa) au dawa ya mitishamba. Ukienda, yataje mwenyewe.

Wanatumia pia PHQ-9, yale maswali 9 ya sonona yenye alama 0 hadi 27, na yapo kwa Kiswahili. Ubaya ni kwamba wanayauliza siku ya kwanza tu. Dai yarudiwe kila baada ya wiki 4. Alama zikishuka 5 au zaidi, hapo kuna nafuu ya kweli. Zikibaki palepale, kifurushi hakikufai hata kama umeambiwa "mwili unajisafisha". Na swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, likijibiwa chochote zaidi ya sifuri, msingoje majibu ya maabara. Siku hiyohiyo mgonjwa aonwe na mtaalamu wa akili. Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha magonjwa ya akili.

Katika vipimo, lipia hivi: picha kamili ya damu, TSH (homoni inayoisukuma thairoidi, hupanda tezi ikilegea), B12, feritini (ghala la chuma mwilini) na HbA1c (wastani wa sukari ya miezi michache). B12 ni muhimu hasa kwa anayetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka, kwa sababu dawa hiyo huishusha taratibu. Feritini ipimwe pamoja na CRP, kipimo cha uvimbe mwilini. Malaria au uvimbe wowote mwilini huipandisha feritini, ukaonekana una madini ya chuma ya kutosha kumbe ghala ni tupu. Angalia pia karatasi ya majibu imepakwaje rangi. Maabara nyingi huhesabu TSH ya takribani 0.4 hadi 4.0 kuwa ya kawaida, ila hapa ikifika 3 tayari imewekwa nyekundu kwa kuwa wana kiwango chao "bora". Nyekundu hiyo peke yake si ugonjwa, wala si sababu ya kuanza dawa ya thairoidi.

Kipimo cha IgG cha vyakula, kinachotafuta kingamwili damuni, kikatae. Kingamwili hizo huonyesha umezoea kula nini. Mtu wa Pwani ataambiwa aache nazi, samaki na ngano, abaki na sahani isiyo na kitu, na mtu mwenye sonona mara nyingi hamu ya kula imeshapungua.

Sasa chupa za virutubisho wanazokuuzia. Zipange mezani, uzigeuze, usome nyuma. Ya "neva" ina vitamini B6 miligramu 50, ya "nguvu" ina 25, ya "usingizi" ina 50. Jumla 125 kwa siku, na Marekani kikomo cha mtu mzima ni 100. Ukiendelea hivyo kwa miezi, ganzi na michomo ya miguu huanza, kisha unauziwa chupa ya nne ya kutibu ganzi. Ile ya nywele na kucha ina bayotini mikrogramu 5,000. Kwa baadhi ya mashine za maabara kiasi hicho huweza kuishusha TSH kwa uongo, ukaonekana thairoidi yako inakwenda mbio. Iache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu ya kipimo cha mwezi wa tatu wa kifurushi, na umwambie anayekutoa.

Chupa yenye Hypericum (mmea uitwao St John's wort) au 5-HTP (malighafi ya serotonini) isichanganywe kabisa na dawa za sonona kama fluoxetine au sertraline. Serotonini ikizidi, mtu hutetemeka, hupata homa na kuchanganyikiwa. Hypericum pia hudhoofisha ARV kadhaa na vidonge vya uzazi wa mpango.

Ushauri wa chakula ni mzuri na hauhitaji duka lao. Utafiti wa Australia wa 2017, wenye watu 67 wa sonona, ulionyesha kuwa baada ya wiki 12 karibu theluthi moja ya waliobadilishiwa chakula walitoka kwenye ugonjwa, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao. Wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu yao. Kwetu hapa ni samaki wa vibua mara 2 au 3 kwa wiki, kunde, mchicha, mbaazi, matunda. Chai ya rangi au ya maziwa iachane na mlo kwa saa moja, maana huzuia chuma kufyonzwa.

Mwezi wa pili utasikia: "sasa tupunguze dawa za hospitali." Hapo simama. Aliyekuandikia dawa ndiye wa kuipunguza, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukiikata ghafla, kizunguzungu, hasira na hisia za umeme kichwani huja ndani ya siku chache, na ni rahisi kudhani ugonjwa umerudi. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, awe mwangalifu zaidi: joto la Mombasa, jasho jingi au kupunguza chumvi kwa ajili ya "kujisafisha" huipandisha damuni hadi kuwa sumu. Mikono ikianza kutetemeka sana, au akitapika na kuyumba, aende hospitali apimwe kiwango chake.