Kumpimisha macho mtoto wa miaka 3: uzoefu wangu

Binti yangu hakuwa na dalili yoyote. Hajikwai, hafinyi macho, anaokota uzi sakafuni kabla mimi sijauona. Nilimpeleka kwa kuwa tu ametimiza miaka 3, umri ambao wataalamu wengi hushauri mtoto awe ameanza kupimwa hata kama halalamiki.

Walianza na kamera maalumu. Muuguzi alikaa kama mita moja mbele yake, kifaa kikalia na kuwaka taa za rangi, mtoto akakodoa, kwisha. Kinamulika miale isiyoonekana, kinasoma jinsi mwanga unavyorudi kutoka ndani ya jicho, kisha kinakadiria kama jicho moja linahitaji lenzi kali kuliko la pili. Kwa mtoto asiyejua kuongea au asiyetulia, hapo sina neno. Ila hakisemi mtoto anaona kiasi gani.

Hilo liliulizwa kwenye chati ya picha: tufaha, nyumba, duara na mraba. Alipewa kadi yenye picha hizohizo mapajani, aoneshe kwa kidole akiona haya kusema. Nilichopenda zaidi ni kwamba hakuambiwa ajizibe kwa kiganja, maana watoto huchungulia katikati ya vidole; alibandikwa plasta. Lilipozibwa jicho la kulia, alitaja picha huku anacheka. Lilipozibwa la kushoto, akageuza shingo, akatafuta upenyo pembeni ya plasta, mwishowe akaing'oa. Muuguzi akasema, "Mama, hapo ameshatujibu."

Kumbe jicho lililo zima, la kushoto, lilikuwa linabeba kazi ya mawili. Ubongo huzoea kuipuuza picha ya lile dhaifu, na mtoto halalamiki kwa sababu hajui kuona kwingine. Ndilo jicho vivu, na matibabu yake hushika vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka 7.

Huduma naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeinyima kwa ajili ya karatasi ya majibu: namba tupu zenye alama za kujumlisha na kutoa, juu imeandikwa RUFAA, na hakuna wa kukufafanulia. Mzazi aliyekuwa nyuma yangu alidhani mwanawe anapofuka. Rufaa maana yake akachunguzwe na daktari wa macho, na wapo wanaofika huko wakakutwa salama.

Wa kwangu alitiwa matone ya kutanua mboni na kulegeza misuli ya jicho, kwani watoto hukaza jicho hadi tatizo likajificha. Ameandikiwa miwani, suala la kuziba lile jicho lililo zima litaangaliwa baadaye, miwani isipotosha. Matone hayo yanawasha na mboni hubaki pana kwa saa kadhaa, kwa hiyo jua litamsumbua. Nendeni na kofia, na siku hiyo shule aiache.