TAHADHARI: Flashi ya "1 TB yenye mifumo 10" inayouzwa Amu na Malindi ni feki, na hadidiski yako haijafa

Assalamu alaykum jamaa. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Amu na Malindi akiuza flashi ya "1 TB" iliyojazwa mifumo kumi ya kuendesha kompyuta, ikiwemo Windows 10, Windows 11 na Ubuntu, pamoja na programu za ofisi, kwa shilingi 1,500. Wa Malindi humletea mlangoni. Wa Amu humtumia kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Msinunue. Ndani ni flashi ya GB 16, wakati mwingine GB 8, na hizo 1,500 ni chambo tu. Pesa yenyewe anaitafuta baadaye, mambo yakikwama.

Amepata soko kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kila mwenye kompyuta ya zamani anataka kuhama.

Kila flashi ina chipu ndogo inayoiongoza, na ndiyo inayoiambia kompyuta ukubwa wa kumbukumbu. Katika hizi, chipu imepangwa upya iseme uongo. Ukiandika kupita zile GB 16 za kweli haigomi wala haitoi kosa. Inapokea na kutupa. Orodha ya majina ya faili hukaa mwanzoni, mahali palipo pazima, ndiyo maana ukiifungua unaona mifumo yote kumi na ukubwa wake sawasawa. Majina yapo, yaliyomo hayapo.

Video anayokutumia kama ushahidi si ya uongo. Ametumia Ventoy, programu nzuri tu na ya bure ya kuweka mifumo mingi kwenye flashi moja, na anachagua mfumo wa kwanza kunakiliwa, ambao kweli ni mzima. Faili moja ya Windows 11 inazidi GB 5, kwa hiyo mbili zinaenea na ya tatu inakaa mpakani. Hiyo ya mpakani ndiyo ya kuogopwa. Ile iliyopotea yote haiwaki kabisa, na hapo hujapoteza kitu. Ya mpakani inaweza kuwaka vizuri, ikakuuliza lugha, ukafuta sehemu za diski yako, halafu katikati ya kunakili faili ikatoa kosa 0x8007025D au 0x80070570. Sasa mfumo wa zamani umefutika na mpya haujaingia.

Ukimpigia simu, jibu lake ni moja kwa wote: "Hadidiski yako imekufa." Ana SSD (diski ya kisasa ya chipu) "mpya" ya kukuuzia, na anataka umpelekee kompyuta nzima.

Makosa hayo mawili maana yake ni kwamba data iliyosomwa imeharibika. Wa kwanza kushukiwa ni chanzo, yaani flashi. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na waya wa SATA unaounganisha diski pia huweza kuyaleta, kwa hiyo pima kwa utaratibu huu kabla ya kutoa hata shilingi.

Anza na flashi. Ukiwa kwenye menyu ya Ventoy, simama juu ya jina la mfumo, bonyeza herufi m, chagua SHA256 (mfuatano wa tarakimu na herufi unaotambulisha faili), kisha linganisha tarakimu na zile ambazo Microsoft wameziweka kwenye ukurasa wao wa kupakua, kwa toleo na lugha ileile. Zikitofautiana hata herufi moja, ama faili haikukamilika ama imechezewa; kwa vyovyote haifai. Kupima ukubwa wa kweli, wengi hutumia H2testw kwenye Windows. Ni sahihi lakini huandika flashi nzima: kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, 1 TB ni zaidi ya saa 27, na kwa stima yetu hii sijui nani atamaliza. Njia ya haraka ni programu ya F3 kwenye Ubuntu. Andika kwenye Terminal: sudo apt install f3, halafu lsblk ili ujue flashi yako inaitwaje, kisha sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya X. Ni dakika chache tu na itakuambia ukubwa halisi. Inafuta kila kitu, na ukikosea herufi utafuta diski ya kompyuta, basi soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Flashi ikiwa nzima ndipo uangalie RAM. Zima, chomoa waya wa umeme, toa RAM, sugua meno yake ya shaba taratibu kwa raba ya kufutia penseli, rudisha. Huku kwetu hewa ya chumvi hula hizo shaba na pini za waya wa SATA, na fundi asiyejua pwani hukimbilia kulaumu diski. Baadaye pima kwa Memtest86+, programu ya kupimia RAM, angalau mzunguko mmoja mzima. Kosa hata moja ni RAM mbovu.

Diski ni ya mwisho. Washa Ubuntu kutoka kwenye flashi nzima bila kuinstoli, weka smartmontools, programu inayosoma afya ya diski, andika sudo smartctl -a /dev/sda. Kwa diski ya SATA tazama mistari mitatu: namba 5, 197 na 199. Ikiwa 5 au 197 imepanda juu ya sifuri na inaendelea kupanda, diski kweli inakufa. Ikipanda 199 peke yake, badilisha waya. Hapo hapo andika namba ya mfululizo ya diski yako kabla kompyuta haijaenda kwa fundi yeyote, ili ujue ikibadilishwa. SSD "mpya" nayo ipime vivyo hivyo: ikionyesha imewaka maelfu ya saa, si mpya.

Flashi ya kweli ya GB 8 inatosha. Ingia kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, pakua programu yao ya kutengenezea flashi ya kuinstoli. Ni bure, bando ndiyo gharama. Lakini tazama prosesa kwanza: kwa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. i5-8500 inakubalika, i5-6500 haikubaliki. Huyu bwana huilazimisha iingie bila kukuambia kwamba Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine hizo. "Leseni ya milele" anayoitangaza, ijaribu kwa kuandika slmgr /xpr kwenye Command Prompt ya Windows. Ukiona tarehe ya kuisha, si ya milele.

Mliokwisha kununua, msiiformati flashi wala msiipime kwa F3 au H2testw, mtafuta ushahidi. Pigeni picha matokeo ya kipimo kisichofuta, yaani zile SHA256, hifadhini ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp, kisha mvipeleke polisi. Na kama mfumo wake umeshaingia kwenye kompyuta yako, badilisha nywila za barua pepe na za benki ukitumia simu, si kompyuta hiyo, kisha ufute diski yote na kuinstoli upya kutoka flashi uliyoitengeneza mwenyewe.