Bei kikomo za mafuta za EWURA: nazitumia kila mwezi, maoni yangu

Mi naendesha Canter ya mizigo Dar kwenda Moro na hii huduma ya bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo sheli inaruhusiwa kuuza mafuta, inayotolewa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, naikubali sana aisee. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi bei mpya zinaanza, unapiga *152*00# unaona bei ya wilaya yako hata simu ikiwa ya kitochi. Mwezi uliopita sheli moja njiani ubao ulikuwa unasema bei nyingine na pampu inasoma nyingine, nikamwonyesha kijana simu, akamwita bosi wake, bei ikarudi palepale. Hapo ndo unaona faida yake.

Kizuri zaidi wanachapisha hesabu yenyewe, bei ya soko la Uarabuni inayotolewa na Platts, kampuni inayoripoti bei za mafuta duniani, halafu premiamu, yaani nyongeza juu ya bei hiyo, ya walioshinda tenda ya kuleta mafuta kwa pamoja, thamani ya dola, kodi, tozo, usafiri mpaka wilayani. Na bandari zote tatu, Dar, Tanga na Mtwara, kila moja na bei yake.

Sasa kinachoniuma ni kwamba huo msingi ni wa Ghuba, sio wetu. Meli zinashusha hapa, Zambia na Kongo wanachukulia hapahapa, Mombasa nao wanashusha yao, kwa nini tusiwe na bei ya rejea ya pwani yetu wenyewe, inayotokana na mizigo inayouzwa huku? Premiamu ikipanda tungejua kama ni halali au tunapigwa.

Nyota nne.