Uzoefu wangu: kichujio cha bendi mbili na nebula za uani, Nakuru

Kama unaishi mtaa wenye taa na unataka kupiga picha za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi angani, bila kusafiri, nunua kichujio cha bendi mbili, yaani kioo cha kufunga mbele ya kamera, kabla hujaanza kuwaza darubini kubwa zaidi. Nimekitumia changu nyuma ya nyumba, mtaa wa Section 58, kiangazi baada ya kiangazi, na hakuna kifaa kingine kilichozibadilisha picha zangu kiasi hicho. Kina masharti yake, na mengine muuzaji hatakuambia.

Changu ni cha inchi 2, na kila bendi ina upana wa nanomita 7 (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga). Kinapitisha rangi mbili tu: nyekundu ya hidrojeni kwenye nanomita 656.3, na kijani-samawati ya oksijeni kwenye 500.7. Jicho la binadamu huona kuanzia kama 400 hadi 700, kwa hiyo katika nanomita 300 hivi, 14 tu ndizo zinazoruhusiwa kufika kwenye kamera. Nebula yenyewe haipotezi kitu kikubwa, kwa sababu gesi yake haiwaki kwa rangi zote kama balbu. Inachochewa na nyota changa zenye joto kali, kisha inatoa mwanga kwenye mistari michache myembamba. Mwanaastronomia William Huggins aliiona mistari hiyo mwaka 1864 alipoelekeza spektroskopu, kifaa cha kutenganisha mwanga kuwa rangi zake, kwenye nebula ya Cat's Eye. Ule wa kijani uliwatatiza wanasayansi, wakadhani ni wa elementi isiyopatikana duniani, mpaka mwanafizikia Ira Bowen alipoeleza mwaka 1927 kwamba ni oksijeni tu, iliyonyang'anywa elektroni mbili. Kila ninapoiona rangi hiyo ikijitokeza kwenye kompyuta yangu, hapa nyuma ya jikoni, huwa nawakumbuka wote wawili.

Tuje kwa taa. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mwezi Desemba 2021, na usiku wetu unaendelea kung'aa. Zile taa za zamani za rangi ya chungwa, za sodiamu, hutoa mwanga wake mwingi karibu na nanomita 589, mahali ambapo kichujio kimefunga kabisa. Za LED nyeupe ni ngumu zaidi maana zimesambaa kwenye rangi zote, kwa hiyo kiasi fulani hupenya, lakini ni kidogo. Jirani yangu ana taa ya usalama juu ya geti, na zamani alikuwa akinizimia kwa hisani yake. Siku hizi akiniuliza, "Baba Brian, nizime taa?" namjibu, "Iache tu Mama Njeri, haina neno." Ninachohakikisha ni kwamba mwanga wake hauingii moja kwa moja kwenye mdomo wa darubini. Ukiingia, picha hupata utando upande mmoja na hakuna kichujio kitakachouondoa, kwa hiyo nimetundika blanketi zito kwenye kamba ya nguo upande huo.

Watu wa huku kwetu wana swali lingine ambalo mapitio ya Ulaya na Marekani hayaligusi: ikweta. Mwanga uliochujwa hivi ni hafifu mno, kila picha unaiacha wazi dakika tano, na stendi ya mota isipofuata nyota sawasawa unapata mistari badala ya nukta. Kwa kawaida unailenga stendi kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, ukitumia nyota ya kaskazini. Nakuru iko kama theluthi moja ya digrii kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo imelala kwenye upeo wenyewe, na upande huo sisi tuna mlima Menengai. Ncha ya kusini nayo imegusa ardhi. Njia iliyonifaa ni kipengele cha kulenga kwa nukta tatu kilicho kwenye programu ya bure ya NINA: kamera inapiga picha tatu kwenye sehemu yoyote ya anga iliyo wazi, programu inazitambua nyota, kisha inakuambia uzungushe skrubu ipi na kwa kiasi gani. Kabla ya kununua stendi, soma karatasi yake uone kama inashuka hadi digrii 0, yaani latitudo ya ikweta. Nyingine hukwama mapema, na hapo kichujio kizuri namna gani hakikusaidii.

Lakini ikweta hiyohiyo ndiyo utajiri wetu. Mwishoni mwa Januari, nebula ya Rosette hupita karibu na utosi kama saa tano usiku, mahali ambapo hewa ya kupenya ni nyembamba kuliko popote pengine angani. Halafu Februari, kati ya saa saba na saa nane usiku, nebula ya Carina inafika juu kusini, digrii 30 hivi kutoka ardhini, upande wa Mbuga ya Ziwa Nakuru ambako hakuna mitaa. Wenzetu wa London hawajawahi kuiona ikichomoza kwao. Ndani yake mna Eta Carinae, nyota ambayo mwaka 1843 ililipuka kwa mng'ao hadi ikawa ya pili kwa kung'aa katika anga yote ya usiku, kisha ikafifia. Sisi tunaipata uani.

Picha ya kwanza ya dakika tano ikitokea itakukatisha tamaa usipojua. Ni nyeusi karibu yote, yenye nyota chache. Ukiivuta mwanga kidogo, duara jekundu la Rosette linaanza kuonekana, na katikati kuna tundu ambamo nyota za kundi liitwalo NGC 2244 zimekaa. Bila kichujio, kutoka uani hapahapa, dakika tano zinanipa ukungu wa kahawia uliofunika kila kitu. Tofauti hiyo haihitaji jicho la mtaalamu.

Kurundika picha, yaani kuziunganisha nyingi ziwe moja, nafanya kwa programu ya Siril, ambayo ni ya bure. Ina skripti iitwayo OSC_Extract_HaOIII inayotenganisha hidrojeni na oksijeni kutoka kwenye kamera ya rangi. Hidrojeni inabaki kwenye pikseli nyekundu, ambazo ni moja kwa kila nne, na oksijeni inakwenda kwenye za kijani na samawati. Nikishaviunganisha upya, Rosette inakuwa na ukingo mwekundu na moyo wa rangi ya bahari, na hiyo rangi ya bahari ndiyo inayodai saa nyingi. Hidrojeni inapatikana haraka. Oksijeni unaikusanya usiku baada ya usiku.

Hilo linanileta kwenye mbalamwezi, kwa sababu matangazo husema unaweza kupiga picha hata mwezi ukiwa mpevu. Ni kweli nusu. Mwanga wa mwezi ukitawanyika hewani huelemea upande wa samawati, kwa hiyo bendi ya oksijeni huumia kuliko ya hidrojeni. Mwezi ukiwa mkubwa napiga vitu vyenye hidrojeni nyingi, na zile usiku za giza naziweka kwa ajili ya oksijeni.

Kasoro ninayoilalamikia hasa ni viduara vya mwanga kuzunguka nyota kali. Piga nebula ya Kichwa cha Farasi kwenye kundinyota la Orioni, na nyota Alnitak iliyo jirani yake itavaa pete kubwa iliyofifia ambayo kuifuta ni kazi ya subira. Rangi halisi za nyota nazo zinapotea, zote zinafanana. Dawa yake ni kupiga picha fupifupi bila kichujio kwa ajili ya nyota peke yake, kisha kuzipandikiza juu ya nebula. Kioo chenyewe pia kinasogeza fokasi, kwa hiyo usifokasi kabla ya kukifunga. Mimi huelekea nyota kali ya Sirius, nikafunika darubini kwa kifuniko cha Bahtinov chenye mipasuo, nikarekebisha hadi mstari wa kati wa ule msalaba wa mwanga unaotokea ukae katikati kabisa. Kuhusu vumbi letu la Januari, tumia pampu ya mkono ya kupulizia. Usikipanguse kwa fulana, maana chembe za vumbi la huku zinakwaruza.

Kuna vitu ambavyo hakifai kabisa. Andromeda na galaksi nyingine hung'aa kwa mwanga wa nyota wa rangi zote, kwa hiyo utakuwa unatupa karibu kila kitu. Kilimia hivyohivyo: ule ukungu wa samawati unaoizunguka ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, haliwaki lenyewe. Kama hivyo ndivyo unavyovipenda, weka pesa zako kwenye mafuta ya gari uende kwenye giza.

Bei inauma, siwezi kuficha. Vya inchi 2 vinauzwa mamia ya dola, na ukiagiza nje kuna usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 juu yake. Kile cha inchi 1.25 ni nafuu na kinatosha kwa kamera yenye kihisi kidogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), kwa hiyo pima kihisi chako kwanza. Na kama kamera yako ni DSLR ya kawaida, yaani ile ya kubadilisha lenzi, ifanyiwe marekebisho kabla ya yote. Kile kioo cha kiwandani kilicho mbele ya kihisi hupitisha takriban robo tu ya ile nyekundu ya hidrojeni, na mkiwa na kichujio juu yake mtakaa uani hadi alfajiri mkingoja mwanga ambao kamera yenyewe imeuzuia mlangoni. Fundi anayejua kazi hiyo hukitoa na kuweka kingine, na gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kichujio.