Kabla hujanunua Agrippa, jumlisha mpaka 15

Agrippa niliyemnunua mara ya kwanza, yaani kitabu chake cha elimu za siri, alinigharimu shilingi 4,800 na aibu mbele ya Ami yangu.

Ami ni fundi wa saa, Mji wa Kale, Mombasa. Ujanani alisoma falaki kidogo, akaacha, akabaki na saa. Jioni hiyo nilikuwa nimekaa barazani pake na kitabu changu kipya: jalada jeusi, nyota ya dhahabu, na maneno "toleo kamili" kwa herufi kubwa kuliko jina la mwandishi. Akavua lenzi jichoni, akanyoosha mkono, nikampa. Akafungua katikati, akafunua kurasa mbili tatu, kisha akaweka ukucha juu ya jedwali dogo la vyumba tisa.

"Hii buduhu kaiharibu nani?"

"Ni kitabu cha Mjerumani, Ami. Cha mwaka 1533."

"Hata kiwe cha nani. Tatu iko wapi? Mbona nane mbili?"

Jedwali lenyewe, likiwa zima, ni hili:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Jumlisha kwenda kulia, kushuka, au kukata pembe kwa pembe: kila mara ni 15. Heinrich Cornelius Agrippa, mtu wa Cologne, alilitoa jedwali hili kwa sayari ya Zohali katika kitabu cha pili cha kazi yake kubwa juu ya elimu za siri. Ami analijua kwa njia nyingine: pembeni zimekaa 2, 4, 6 na 8, na kwa hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, hizo ni be, dali, wau na he, ndiyo buduhu, neno la hirizi. Wazungu wa zama za Agrippa walikuwa wamechota sana kwenye vitabu vya Kiarabu, kwa hiyo si ajabu fundi wa saa wa Mombasa akamsahihisha. Katika nakala yangu, 3 ilikuwa imegeuka 8. Mstari wa kati unatoa 20. Mtu angechora hirizi kwa jedwali lile, Zohali mwenyewe angekataa kulipokea.

Tangu siku hiyo watu wakiniandikia kuniuliza waanze na kitabu gani cha esoterisimu ya Magharibi, yaani elimu za siri za Wazungu, mimi siulizi wanapenda Kabala au alkemia, wala kama ni wageni au wazoefu. Nauliza: kuna mtu aliyehesabu majedwali upya?

Maana ukielewa vitabu hivi vibovu vinavyotengenezwa, utaacha kuamini majalada. Tafsiri ya Kiingereza ya Agrippa ilitoka London mwaka 1651. Haina mwenye haki tena, na picha za kurasa zake ziko mtandaoni bure. Mtu anazipakua, anazipitisha kwenye programu ya kusoma herufi, anamimina matokeo kwenye kiwanda kinachochapa nakala moja moja kwa oda, basi, ameshakuwa mchapishaji. Programu inakutana na s ndefu ya karne ya 17, inaidhani f. Inakutana na mchoro, inauruka. Inakutana na 3 iliyofifia, inaandika 8. Hakuna jicho la binadamu lililopita hapo. Na ubaya wa vitabu vya aina hii ni kwamba mnunuzi anatarajia mambo mageni, kwa hiyo kosa la chapa linamwingia kama siri. Ningejumlisha mstari wa kati nikapata 20, ningedhani ni fumbo. Ndiyo maana nikaona haya.

Sasa kipimo changu. Agrippa anatoa majedwali saba, sura ya 22 ya kitabu cha pili. Jumla za mistari ni hizi: Zohali 15, Mshtarii 34, Mirihi 65, Jua 111, Zuhura 175, Utaridi 260, Mwezi 369. Mwombe muuzaji akupigie picha ya kurasa hizo, ukae na simu yako, ujumlishe. Ukiambiwa kitabu hakina majedwali, fahamu unauziwa kitabu cha kwanza peke yake kati ya vitatu. Liko toleo la Chicago la 1898 ambalo lilikuwa la kitabu cha kwanza tu, na nakala za aina hiyo bado zinazunguka. Muuzaji mmoja nilimwomba picha ya sura ya 22 akanitumia picha ya jalada. Nikaomba tena. Akanitumia jalada, safari hii na maua pembeni.

Vitabu visivyo na majedwali vina kipimo chao: geuza ukurasa wa haki, nyuma ya ukurasa wa jina. Kama hakuna jina la mfasiri, hakuna mwaka wa matini ya asili, na mwisho wa kitabu hakuna faharasa, rudisha.

Twende kwenye orodha yangu, kwa daraja.

Cha kwanza hakina uganga hata chembe. Ni mwongozo wa Wouter Hanegraaff wa 2013, Western Esotericism: A Guide for the Perplexed. Hanegraaff ni profesa wa Amsterdam, kwenye kiti cha chuo kikuu kilichoanzishwa mahususi kwa historia ya falsafa ya Kihermesi, yaani mafundisho yanayobeba jina la Hermesi, mwenye hekima wa hadithi. Hoja yake kuu ndiyo itakayokuokoa na vitabu vingine vyote: kwamba unajimu, alkemia, uganga na Hermesi havikuzaliwa ndugu. Viliwekwa kapu moja na wapinzani wao, kwanza wanateolojia wa Kiprotestanti, kisha wasomi wa zama za mwanga wa akili, waliotaka kuonyesha nini si dini safi na nini si sayansi. Kapu la takataka likaja kupewa jina. Kabla yake Mfaransa Antoine Faivre alikuwa ametoa alama nne za lazima na mbili za ziada za kuutambua mkondo huu, na bado zinatajwa kila mahali. Hanegraaff anakueleza zinasaidia wapi na zinakwama wapi. Sura ya mwisho ni mwongozo wa vitabu vya kusoma baadaye. Kina kurasa chache, jalada laini, faharasa ipo. Kama una pesa ya kitabu kimoja tu, kinunue hicho, uniache mimi na kelele zangu.

Cha pili, Hermetica, yaani maandishi ya huyo Hermesi, kwa tafsiri ya Brian Copenhaver, Cambridge, 1992. Hapa ndipo penye hadithi. Mwaka 1463 Cosimo de' Medici wa Florence, mzee anayekaribia kufa, alimwambia mfasiri wake Marsilio Ficino aweke kando tafsiri ya Plato aanze na Hermesi, kwa kuwa waliamini Hermesi ni mkongwe kuliko Plato, mwenye hekima ya Misri ya kale. Ficino akamaliza, Cosimo akafa mwaka uliofuata. Imani hiyo ilisimama hadi 1614, msomi Isaac Casaubon alipopima Kigiriki cha maandishi yale akaonyesha ni cha baada ya Kristo. Miaka 150 ya falsafa ilikuwa imejengwa juu ya tarehe isiyo sahihi, na bado ilikuwa falsafa.

Kwa nini Copenhaver? Kwa sababu washindani wake kwenye maduka ya bei rahisi ni wazee wa aina mbili. Wapo wanaotumia tafsiri ya John Everard ya 1650. Na wapo, wabaya zaidi, wanaochapa upya kazi ya Walter Scott ya miaka ya 1920 bila neno la onyo. Scott alikuwa msomi, lakini akiona sentensi haimpendezi ilipo, aliihamishia pengine. Unasoma Hermesi kumbe unasoma Hermesi aliyepangiwa samani na Mwingereza. Copenhaver anatoa maandishi 17 ya Kigiriki pamoja na Asclepius ya Kilatini, na tanbihi zake zimekula nafasi kuliko matini yenyewe. Angalizo moja, maana nimeshaandikiwa na msomaji mwenye hasira: hesabu inaruka kutoka XIV kwenda XVI. Hakuna XV. Hukuibiwa, namba ziliharibiwa na wachapaji wa zamani na zikaachwa hivyo hivyo.

Cha tatu kingekuwa Agrippa, lakini nampandisha Picatrix, kitabu cha uganga wa nyota, na nasema wazi ni upendeleo. Nawapenda Penn State, wachapishaji wa chuo kikuu cha Marekani. Wana mfululizo wao wa historia ya uganga, na kila ninachokishika kimehaririwa na mtu anayejua lugha, kina tanbihi, kina faharasa, na karatasi haionyeshi maandishi ya upande wa pili. Wangeuza orodha ya bei za nyanya ningenunua. Picatrix yao ni ya 2019, wafasiri Dan Attrell na David Porreca, kutoka Kilatini. Asili yake ni Kiarabu, Ghayat al-Hakim, iliyoandikwa Andalusia, ikafasiriwa katika ikulu ya mfalme Alfonso X wa Castile kuanzia 1256 kwenda Kihispania, ndipo ikaingia Kilatini. Kwa hiyo Kiingereza chake ni cha mkono wa tatu, ukubali hilo kabla ya kulipa. Humo mna manzili 28 za mwezi, yaani vituo vyake angani, kila moja na kazi yake na sanamu yake. Nilimsomea Ami. Akawa anazitaja mbele yangu kabla sijafika: Sharatani, Butaini, Thuraya ("Kilimia hiyo, mwanangu"), akaendelea hadi akachoka. Sikumsomea mapishi ya mafusho. Mengine yana sumu na mengine yana ubongo wa wanyama, soma, usipike.

Agrippa basi, wa nne. Chaguo ni mbili za kweli. Eric Purdue alifasiri upya kutoka Kilatini, juzuu tatu, wachapishaji Inner Traditions, 2021. Hiyo ndiyo nzuri, nayo ni ghali na nzito. Ya pili ni ya Donald Tyson, Llewellyn, 1993: tafsiri ile ile ya 1651, ila Tyson alikaa akasahihisha majedwali na michoro, akaweka maelezo marefu chini ya kila sura. Mimi nina Tyson, mkono wa pili, mgongo umeshapasuka. Saba zote zinajumlika. Nilizihesabu nikiwa nimesimama dukani, mwenye duka akinitazama kama mkaguzi wa kodi.

Baada ya hapo nakwenda mbio. Éliphas Lévi, mwandishi wa uganga, Mfaransa wa miaka ya 1850, mtafute kwa tafsiri ya Greer na Mikituk ya 2017, si ile ya Waite ya 1896, ambayo mfasiri anagombana na mwandishi kwenye tanbihi. Inachekesha, lakini si mahali pa kuanzia. Chama cha uganga cha Golden Dawn, London, 1888: ibada zake alizitoa hadharani Israel Regardie kati ya 1937 na 1940. Nunua toleo la 2016. Ni tofali. Blavatsky, mama wa Theosofia, azime, usinunue, mpaka umalize Hanegraaff.

Vya bei rahisi? Kybalion inauzwa kama hekima ya Misri. Ilitoka Chicago mwaka 1908. Kile "Kitabu cha sita na cha saba cha Musa" mnachotumiana kwa WhatsApp kilichapwa Stuttgart mwaka 1849, Musa hahusiki. Na vitabu vya De Laurence, mchapishaji wa uganga, pia wa Chicago, vingi alivinyakua kwa wenzake: kimoja kikubwa amekinyonya kutoka kwa Francis Barrett wa 1801, ambaye naye alikuwa amemnyonya Agrippa wa 1651. Kama huna pesa kabisa, Joseph Peterson ameweka matini mengi bure mtandaoni, na ni mhariri wa kweli.

Lakini bei, jamani. Kitabu cha kitaaluma kinatoka kwa jalada gumu, bei imepangwa kwa ajili ya maktaba za Ulaya, na mtu wa kawaida anasubiri mwaka au miwili jalada laini litoke. Nashauri usubiri. Kisha kuna nauli, ambayo mara nyingi inalingana na kitabu. Kisha dirisha la vifurushi. Mara ya mwisho niliitwa nikafunguliwa boksi mbele ya foleni. Karani akamtoa Picatrix, akamgeuza, akanitazama.

"Dada, hivi ni vitabu vya Freemason?"

Nikamwambia ni historia, vimeandikwa na maprofesa. Akasema hata maprofesa wapo humo. Nyuma yangu mama mmoja akasogeza kikapu chake mbali na mguu wangu. Nikalipa ushuru nilioambiwa, stakabadhi nikaisubiri dakika 40. Halafu duka la mtandaoni lililoniuzia nakala ya buduhu mbovu likanijibu barua yangu ya tatu: kitabu hakirudishwi kwa sababu "kimeshafunguliwa". Sijui walitaka nigundue 8 mbili kwa kupapasa.

Nakala yenyewe siko nayo. Ipo kwa Ami, chini ya kioo cha meza, kati ya mikanda ya saa. Ile 8 ameisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaendelea na Mshtarii, akakuta sawa, Mirihi makosa mawili. Wiki iliyopita nilimkuta na mteja amesimama anasubiri saa yake, Ami ameinama, midomo inacheza. Akaniinulia kidole nisiseme. Alikuwa amefika Zuhura, na mstari wa nne ulikuwa unampa 181.