Programu ya mchezo inayosomeka gizani: uzoefu wangu na huduma ya uchapaji

Mimi ni katibu wa kikundi cha maigizo, na katibu kwenye kikundi kidogo ni mtu wa kubebeshwa kila kazi isiyo na mwenyewe. Ndivyo programu zilivyoniangukia. Nazungumzia kile kijitabu anachopewa mtazamaji mlangoni, chenye majina ya waigizaji, muhtasari wa mchezo na shukrani kwa wadhamini. Nimeshatumia huduma moja ya uchapaji mara mbili, ya kutuma faili kwa intaneti na kuletewa mzigo, na sasa niko kwenye oda ya tatu. Jina lao naliacha, maana nusu ya makosa nitakayoyataja ni yangu mwenyewe.

Nianze na sifa zao. Mzigo ulifika siku moja kabla ya ile waliyoahidi. Kurasa zilikatwa sawasawa, pini mbili za mgongoni zilikaa kwenye mkunjo barabara, na sikukuta nakala hata moja yenye ukurasa uliopinduka. Mtu wao wa huduma kwa wateja alijibu barua pepe zangu kama anayejua kazi. Nilipotuma faili la kurasa 18 aliniandikia siku hiyohiyo: karatasi moja ikikunjwa katikati inazaa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu cha kubana kwa pini lazima kigawanyike kwa nne. Ama nipunguze ziwe 16, ama niongeze ziwe 20. Nikaongeza ukurasa wa picha za mazoezi na mwingine wa historia ya kikundi. Historia yenyewe ilikuwa fupi kuliko ukurasa, ila hilo ni letu.

Kwenye usanifu ndipo tulipoachana njia. Oda ya kwanza niliwalipa watusanifie na kurasa pia. Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa ni kitu cha kujivunia: jalada la bluu kali, ndani karatasi ya kung'aa, wasifu wa waigizaji kwa herufi nyembamba za kijivu, na ukurasa wa mafundi wote umemwagiwa weusi, majina yameandikwa kwa nyeupe. Nikabonyeza "nakubali" nikiwa nimekaa chini ya taa angavu saa nane mchana. Kosa langu lilianzia pale.

Bluu ilikuwa ya kwanza kunisuta. Kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga, mashine ya uchapaji inatengeneza kwa wino wa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Zipo bluu ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi, na yangu ilikuwa mojawapo. Ilirudi imepoa na kuelekea zambarau, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Walinionya? Ndiyo, kwa sentensi moja ndogo chini ya fomu. Mimi ningependa wamwambie mteja kwa sauti, tena kabla hajaanza kuipenda rangi yake.

Lakini jalada lilikuwa jambo dogo. Usiku wa kwanza nilikaa safu ya mwisho kuangalia watu wanavyoitumia programu. Taa za ukumbi zilishushwa nusu, mchezo ukiwa bado dakika chache uanze. Mama mmoja mbele yangu alifungua ukurasa wa waigizaji, akausogeza karibu na uso, akausogeza mbali, akauinamisha kushoto ili mng'ao wa taa utoke juu ya karatasi. Mwisho akawasha simu. Aliyekaa naye akaona ni wazo zuri, naye akawasha. Mchezo ulipoanza zilikuwa zimewaka simu sita au saba, ukumbi una vimulimuli, na mwigizaji wetu aliyetakiwa kuingia gizani akaingia huku anamulikwa na watu wanaotafuta jina lake.

Baadaye nilikaa na kijitabu na kioo cha kukuzia ndipo nikaelewa. Kijivu hakina wino wake. Mashine inakitengeneza kwa kunyunyiza vitone vya weusi, na herufi nyembamba ya pointi 7 ikijengwa kwa vitone inabaki na kingo za msumeno. Kwenye ukurasa mweusi ilikuwa kinyume: wino umetanuka kidogo ukaingia ndani ya herufi nyeupe, matumbo ya "a" na "e" yakazibika. Jina la fundi taa wetu, mtu aliyelala ukumbini siku mbili akifunga nyaya, lilisomeka kama msururu wa madoa. Alicheka. Mimi sikucheka. Na ile karatasi ya kung'aa, juu ya kurudisha mwanga machoni, inapiga kelele ikifunuliwa. Kuna onyesho moja la kimya kirefu kwenye mchezo ule, na kimya chenyewe hatukukipata.

Kuna na hili la lugha, ambalo wasanifu wengi hawalioni kabisa. Programu yao ya kompyuta ya kupangia kurasa ilikuwa imewekwa ikate maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Nikapata "ukum-bi" na "shang-we" mwisho wa mistari, wakati silabi zetu ni u-ku-mbi na sha-ngwe. Msomaji anajikwaa hata kama hawezi kusema amejikwaa wapi. Niliomba ukataji uzimwe kabisa na maandishi yapangwe kuanzia kushoto, kulia yaishie yanapoishia. Walifanya bila ubishi, ila ilibidi mimi ndiye niseme.

Oda ya pili nikachukua usanifu mkononi mwangu, wao nikawaachia uchapaji tu. Hapo niliwaheshimu zaidi, maana maelekezo yao kwa anayejitengenezea faili ni mazuri kweli: picha ziwe na pikseli 300 kwa inchi, rangi ya jalada ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 ili kisu kikiteleza kidogo isibaki kamba nyeupe, maandishi yakae mbali na ukingo. La mwisho nililipuuza, nikaweka namba za kurasa karibu sana na ukingo, na kisu kikala nyingine nusu. Nililia kimoyomoyo. Sikuwa na wa kumlaumu.

Safari hii nilitumia karatasi isiyong'aa ya gramu 120, yenye rangi ya maziwa kidogo, herufi za pointi 11, weusi mtupu wa wino mmoja juu ya karatasi. Simu niliyoona imewaka ilikuwa moja, na yule alikuwa anajibu ujumbe.

Nilibadilisha pia mpangilio. Watu wa New York wanagawiwa bure mlangoni kijitabu kiitwacho Playbill, kilichoanza 1884, ilhali London mtazamaji wa kawaida hununua programu yake. Ukiitazama tofauti hiyo utaona ni vitabu viwili vyenye kazi mbili. Cha bure kinatakiwa kimsaidie mtu akiwa kitini: nani ni nani, mapumziko ni lini, mchezo unatokea wapi. Cha kununua mtu atakwenda nacho nyumbani, kwa hiyo anastahili makala na picha za kukaa nazo. Sisi tunagawa bure, lakini tulikuwa tumejaza hotuba ya mwenyekiti kurasa mbili za mwanzo. Sasa ukurasa wa katikati, unaojifungua wenyewe kwa sababu ya pini, ndio wenye waigizaji, kwa mpangilio wa kutokea jukwaani. Mwenyekiti yuko nyuma. Hajanisamehe.

Lalamiko langu kubwa lililobaki kwao ni prufu, yaani nakala ya kukagua kabla mzigo wote haujachapwa. Bila kuomba, unatumiwa faili la kutazama kwenye kioo, na hilo haliwezi kukuonyesha karatasi. Prufu ya kuchapwa ipo, lakini imefichwa kwenye menyu kama siri, na inaongeza siku kadhaa. Pia tulipoongeza nakala 100 wiki ya pili, jalada lilitoka jeusi kidogo kuliko la kwanza. Ukiziweka pamoja mezani unaona. Mikononi mwa watu hakuna aliyeona.

Uchapaji nawapa nyota nne, usanifu mbili. Oda ya tatu imo njiani, na safari hii niliomba prufu ya kuchapwa ya ukurasa wa katikati na wa mafundi. Jana usiku baada ya mazoezi nikaenda nazo safu ya mwisho, nikamwomba fundi taa ashushe taa za ukumbi mpaka pale anapozishusha mchezo ukikaribia. Akazishusha, akaja kukaa pembeni yangu, akachukua ukurasa wa mafundi mkononi mwangu. Akasoma jina lake kwa sauti, la kwanza na la ukoo, kisha akaniambia herufi moja imekosewa.