Bomba la jikoni lenye shawa: utengeneze, uongeze kichwa au ununue jipya?

Kabla hujaenda Kariakoo kutafuta bomba la kuvuta, yaani lile ambalo shawa yake hutoka nje na hosi, tazama kwanza tenki lako liko juu kiasi gani. Maji yakiwa mita 10 juu ya bomba yanatoa presha ya bar 1 hivi. Mnara wa mita 3 unakupa kama bar 0.3 tu. Mabomba mengi ya kuvuta yametengenezwa kwa nyumba zenye presha kubwa kuliko hiyo, ndiyo maana bomba lililorusha maji vizuri kwenye ghorofa lenye pampu likifika kwako linachuruzika. Orodha hii nimeipanga kwa kuangalia tenki, bei nimeiweka nyuma.

Nafasi ya kwanza: tengeneza ulilonalo. Mara nyingi shawa inayotoa maji kidogo haijafa, imeziba. Fungua kichwa kwa mkono. Ndani kuna kichujio kidogo, na humo utakuta mchanga, vipande vya plastiki vilivyobaki fundi alipokata paipu, hata uzi wa tepu nyeupe. Maji ya kisima, hasa ukanda wa pwani, huacha pia ukoko mweupe kwenye matundu. Loweka kichwa kwa saa moja kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Usikilaze humo usiku kucha, ule mng'ao wa kromu utaharibika.

Kama maji yanavuja kwenye mkono wa bomba, mara nyingi tatizo ni katriji, kile kifaa cha ndani kinachofungua na kufunga maji. Nenda nayo dukani mkononi, maana za milimita 35 na 40 zinafanana sana kwa macho. Hosi ikipasuka, nayo nenda nayo. Ncha za hosi hazilingani kutoka bomba moja hadi jingine. Na kama hosi hairudi ukiiachia, inama uangalie chini ya sinki kabla ya kumlaumu fundi. Huenda mtungi wa gesi au ndoo imebana kile kipande kizito kinachoning'inia kwenye hosi ili kuivuta irudi.

Ya pili: kichwa cha shawa cha kufunga mdomoni. Kwa nyumba ya tenki, ningenunua hiki kabla ya bomba jipya. Kinazunguka, kinabadilisha mkondo kuwa shawa, na unakifunga mwenyewe bila spana. Angalia uzi tu, ile mistari ya kuzungushia mdomoni: bomba lenye uzi wa ndani kwa kawaida ni milimita 24, lenye uzi wa nje ni 22. Koki ya kizamani isiyo na uzi mdomoni, achana nayo.

Ya tatu: bomba lenye shingo ya mpira inayopinda. Yapo ya maji baridi pekee, na nyumba nyingi zetu hazihitaji zaidi. Halina hosi ya kuvutwa kila siku, kwa hiyo vya kuharibika ni vichache.

Ya nne: bomba la kuvuta. Ni zuri sana kwa kuosha masufuria makubwa na sinki lenyewe, lakini linunue kama una pampu. Dukani, vuta hosi yote, iachie, urudie. Uliza kama katriji na hosi vinauzwa peke yake. Muuzaji akisita, ondoka. Jaribu pia sumaku: ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa, na maji ya chumvi yatakila. Isiponasa bado haijathibitisha kuwa ni shaba, kwa hiyo pima na uzito mkononi.

Ya mwisho: shawa ya pembeni yenye tundu lake kwenye sinki. Ndani ya bomba kuna kivalvu kinachohamisha maji kwa nguvu ya presha. Presha ikiwa ndogo, maji hutoka kote kuwili. Sinunui.

Ukichukua bomba la moto na baridi na nyumba haina maji ya moto, mwambie fundi azibe njia ya moto au aunganishe hosi zote mbili kwenye baridi kwa tii (kiungio cha njia tatu). Ikiachwa wazi, siku mtu atakapousogeza mkono katikati, maji yatamwagika kabatini.